SQL Slammer

SQL Slammer (unajulikana pia kwa majina ya Sapphire na Helkern) ni mnyoo wa kompyuta uliosambaa kwenye intaneti tarehe 25 Januari 2003. Ulishambulia seva zilizotumia programu ya hifadhidata ya Microsoft SQL Server 2000 pamoja na toleo lake dogo liitwalo MSDE 2000. Ndani ya dakika kumi hivi uliambukiza zaidi ya asilimia 90 ya kompyuta zote zilizoweza kuambukizwa. Jumla ya kompyuta zilizoambukizwa ilikadiriwa kuwa 75,000 au zaidi.

Slammer haukufuta faili wala kuiba data. Madhara yake yalitokana na wingi wa ujumbe uliotumwa na seva zilizoambukizwa, ambao uliziba njia za mawasiliano. Mashine za ATM, safari za ndege, simu za dharura na mtandao wa nchi nzima ya Korea Kusini vilivurugika.

Jambo linalofanya tukio hili litajwe hadi leo ni kwamba kiraka cha kuzuia udhaifu uliotumiwa kilikuwepo tayari. Microsoft ilikitoa tarehe 24 Julai 2002, siku 185 kabla ya shambulio. Seva zilizokuwa na kiraka hicho hazikuambukizwa.

Usuli

Seva ya hifadhidata ni programu inayotunza data kwa mpangilio na kuitoa kwa programu nyingine zinapoiomba. Benki huitumia kwa akaunti za wateja, shule kwa matokeo ya mitihani, hospitali kwa kumbukumbu za wagonjwa. Kwa kawaida mtumiaji haioni: yeye huona tovuti au mashine ya ATM tu, na hizo ndizo huwasiliana na hifadhidata iliyo nyuma yake.

Programu zinazotaka kuwasiliana na seva hupitia poti, yaani namba inayotofautisha huduma moja na nyingine kwenye kompyuta ileile. SQL Server kwa kawaida husikiliza kwenye poti namba 1433.

SQL Server 2000 iliruhusu nakala kadhaa za SQL Server kufanya kazi pamoja kwenye kompyuta moja, kila nakala ikiwa na jina lake. Kwa kuwa nakala zote haziwezi kutumia poti moja, ilihitajika huduma ndogo ya kuwaelekeza wageni. Huduma hiyo ilisikiliza kwenye poti 1434. Programu iliyotaka kuunganishwa ilituma jina la nakala inayoitafuta, na huduma ikajibu kwa kutaja poti ya nakala hiyo. Inaweza kulinganishwa na mtu wa mapokezi anayemwambia mgeni aende chumba namba fulani.

Mazungumzo hayo yalifanyika kwa itifaki ya UDP. Katika UDP mtumaji hutuma pakiti moja bila kwanza kupeana salamu na mpokeaji na bila kusubiri jibu. Tabia hiyo ilikuja kuwa na maana kubwa katika kasi ya mnyoo.

Udhaifu

Mwaka 2002 mtafiti wa usalama David Litchfield wa kampuni ya Uingereza ya NGSSoftware alichunguza huduma ya poti 1434 na kukuta kasoro tatu. Mbili zilikuwa za aina inayoitwa kufurika kwa bafa. Ya tatu iliwezesha mshambuliaji kuzifanya seva mbili zijibizane bila kikomo hadi zichoke.

Bafa ni sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta iliyotengwa kwa ajili ya kupokea data ya urefu fulani. Kama programu haipimi urefu wa data inayopokea, data ndefu kupita kiasi humwagikia sehemu za jirani za kumbukumbu. Katika sehemu hizo huwa kuna taarifa zinazoiambia programu iendelee wapi baada ya kumaliza kazi iliyo nayo. Mshambuliaji anayejua mpangilio wa kumbukumbu anaweza kuandika juu ya taarifa hizo, na hivyo kuifanya kompyuta itekeleze maagizo aliyoyatuma yeye.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa SQL Server. Pakiti iliyoanza na baiti yenye thamani ya 4 ilimaanisha kwamba linalofuata ni jina la nakala inayotafutwa. Huduma ililinakili jina hilo kwenye bafa bila kuuliza lina urefu gani. Mtu aliyetuma "jina" refu mno aliweza kuishika seva bila kuwa na akaunti wala neno la siri, kwa sababu huduma ya kuelekeza ilijibu kila mtu kabla hajajitambulisha.

Udhaifu huo ulipewa namba CVE-2002-0649 katika orodha ya kimataifa ya udhaifu wa programu.

Kiraka cha Julai 2002

Kiraka ni badiliko dogo la programu linalotolewa na mtengenezaji ili kurekebisha kosa bila kusubiri toleo jipya. Litchfield aliijulisha Microsoft kwanza, na kampuni ikatoa kiraka pamoja na taarifa ya usalama namba MS02-039 tarehe 24 Julai 2002. Iliuweka udhaifu huo katika daraja la juu kabisa la hatari. Marekebisho yenyewe yalikuwa madogo: faili iliyohusika na mawasiliano ilibadilishwa ili urefu wa data inayoingia upimwe kabla ya kunakiliwa.

Baada ya kiraka kutolewa, Litchfield alieleza matokeo yake katika mkutano wa usalama wa Black Hat mjini Las Vegas na kuonyesha msimbo wa mfano. Mnyoo ulipotokea miezi michache baadaye ulionekana kufuata msimbo huo kwa sehemu. Yeye mwenyewe alilikubali jambo hilo hadharani na kusema atafikiri upya kuhusu kuchapisha mifano ya aina hiyo. Mjadala wa kama watafiti wachapishe au wasichapishe mifano ya mashambulizi unaendelea hadi leo. Wanaounga mkono husema mifano huwasaidia wasimamizi kupima seva zao na kuelewa uzito wa hatari. Wanaopinga husema huwarahisishia kazi wahalifu.

Kiraka chenyewe pia hufichua siri. Mtu mwenye ujuzi anaweza kulinganisha faili ya zamani na mpya na kutambua kosa lilikuwa wapi. Kwa hiyo tangu siku kiraka kinapotolewa kunakuwa na mashindano kati ya msimamizi anayepaswa kukiweka na mshambuliaji anayetafuta seva ambazo hazijawekewa.

Oktoba 2002 Microsoft ilitoa kiraka cha jumla, MS02-061, kilichobeba pia marekebisho ya Julai. Mwezi Januari 2003, siku chache kabla ya shambulio, ilitoa kifurushi cha tatu cha maboresho ya SQL Server 2000, nacho kilikuwa na marekebisho hayohayo.

Jinsi mnyoo ulivyofanya kazi

Mnyoo wa kompyuta hutofautiana na kirusi kwa kuwa hauhitaji kubebwa na faili nyingine wala kufunguliwa na mtu. Hujisambaza wenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta.

Slammer ulikuwa na ukubwa wa baiti 376 tu, na baiti 404 ukihesabu vichwa vya pakiti. Hata meseji tatu za simu zina nafasi kubwa kuliko hiyo. Wote uliingia katika pakiti moja ya UDP. Ulipofika kwenye seva yenye udhaifu ulifanya yafuatayo:

1. Uliifurisha bafa ya huduma ya poti 1434 na kuanza kutekelezwa ndani ya SQL Server yenyewe.
2. Ulitafuta kwenye kumbukumbu njia za kutumia saa ya kompyuta na kutuma pakiti.
3. Ulichukua muda wa saa ya kompyuta kama mwanzo wa kuzalisha namba za kubahatisha.
4. Ulitumia namba hizo kama anwani za IP na kutuma nakala yake kwa kila anwani, bila kukoma.

Hakukuwa na hatua ya tano. Mnyoo haukuandika chochote kwenye diski. Uliishi katika kumbukumbu ya muda tu. Kuzima kompyuta na kuiwasha tena kuliuondoa kabisa. Lakini seva isiyo na kiraka iliyorudishwa kwenye mtandao iliweza kuambukizwa tena baada ya dakika chache, kwa sababu pakiti za mnyoo zilikuwa zikizunguka kila mahali. Wasimamizi waliodhani kwamba kuwasha upya kumetatua tatizo waligundua haraka kuwa haikuwa hivyo.

Kusambaa

Mnyoo ulianza kuonekana muda mfupi kabla ya saa 5:30 UTC, Jumamosi tarehe 25 Januari 2003. Afrika Mashariki ilikuwa saa 2:30 asubuhi, Korea Kusini saa 8:30 mchana, na pwani ya mashariki ya Marekani nusu saa baada ya usiku wa manane.

Watafiti wa vituo kadhaa vya Marekani, kikiwemo CAIDA cha San Diego, walichambua kumbukumbu za mitandao na kupata matokeo yafuatayo:

* Katika dakika ya kwanza idadi ya kompyuta zilizoambukizwa iliongezeka mara mbili kila baada ya sekunde 8.5 hivi.
* Baada ya dakika tatu hivi mnyoo ulifikia kilele cha zaidi ya majaribio milioni 55 kwa sekunde kwenye intaneti nzima.
* Baada ya dakika kumi kompyuta nyingi zilizokuwa na udhaifu zilikuwa zimekwisha kuambukizwa.

Kwa kulinganisha, mnyoo wa Code Red wa Julai 2001 uliambukiza kompyuta nyingi zaidi, takriban 359,000, lakini ulihitaji kama dakika 37 ili kuongezeka mara mbili. Tofauti hiyo inatokana na namna ya kutuma. Code Red ulitumia itifaki ya TCP, hivyo ulilazimika kusubiri jibu la kila anwani kabla ya kuendelea. Slammer ulitupa pakiti na kwenda kwenye anwani inayofuata. Kikomo chake kilikuwa upana wa njia ya mtandao tu. Kwa hesabu rahisi, seva yenye njia ya megabiti 100 kwa sekunde inaweza kutuma pakiti zaidi ya 30,000 za baiti 404 kila sekunde.

Kasi hiyo iliufanya ulinzi wa kibinadamu usiwe na nafasi. Msimamizi aliyepigiwa simu dakika tano baada ya mwanzo alikuwa amechelewa.

Mwandishi wa Slammer alifanya makosa katika hesabu ya kuzalisha namba za kubahatisha, hivyo baadhi ya nakala zilirudiarudia sehemu tu ya anwani zote. Pamoja na makosa hayo, nakala zilikuwa nyingi kiasi kwamba karibu intaneti yote ilifikiwa. Mwandishi huyo hajajulikana hadi leo.

Athari

Korea Kusini ilikuwa kati ya nchi zilizoathirika zaidi. Ilikuwa na njia za mtandao zenye kasi kubwa kuliko nchi nyingi za wakati ule, na kasi hiyohiyo ndiyo iliyoupa mnyoo nguvu. Seva za DNS za kampuni ya simu ya KT mjini Seoul zilizidiwa, na watumiaji wa intaneti sehemu kubwa ya nchi walikaa bila huduma kwa saa kadhaa mchana wa Jumamosi.

Nchini Marekani benki ya Bank of America ilisema wateja hawakuweza kutoa fedha kwenye sehemu kubwa ya mashine zake 13,000 za ATM. Fedha na taarifa za wateja hazikuguswa. Shirika la ndege la Continental Airlines lilichelewesha na kufuta baadhi ya safari kwa sababu mifumo yake ya tiketi ilikwama. Kituo cha simu za dharura cha Bellevue, karibu na Seattle, kilichohudumia polisi na vikosi vya zimamoto, kililazimika kuandika taarifa za wito kwa mkono kwenye karatasi.

Mtandao wa ndani wa Microsoft nao uliathirika, kwa kuwa baadhi ya seva za kampuni hiyo hazikuwa zimewekewa kiraka ambacho yenyewe ilikitoa.

Kituo cha nyuklia cha Davis-Besse

Tukio linalotajwa mara nyingi katika mafunzo ya usalama ni la kituo cha umeme wa nyuklia cha Davis-Besse katika jimbo la Ohio. Mtandao wa kampuni iliyokimiliki ulikuwa na faiawoli, yaani kichujio cha mawasiliano yanayoingia na kutoka, na kichujio hicho kilizuia poti 1434. Hata hivyo palikuwa na njia nyingine iliyounganisha mtandao wa mkandarasi moja kwa moja na mtandao wa kampuni bila kupita kwenye faiawoli. Mnyoo uliingia kwa mkandarasi, ukapitia njia hiyo, kisha ukafika kwenye mtandao wa kituo na kukuta seva ya Windows isiyo na kiraka.

Mfumo wa kuonyesha vipimo vya usalama wa kinu haukupatikana kwa karibu saa tano, na kompyuta ya shughuli za kituo kwa zaidi ya saa sita. Hapakuwa na hatari ya moja kwa moja. Kinu kilikuwa kimezimwa tangu Februari 2002 kwa ajili ya matengenezo, na vifaa vya akiba visivyotumia kompyuta viliendelea kufanya kazi. Wahandisi wa kompyuta wa kituo hawakuwa na habari kwamba kiraka kilikuwepo. Tume ya Marekani ya kudhibiti nyuklia ilitoa taarifa ya tahadhari kwa vituo vingine mwezi Agosti 2003.

Kuzuiwa kwa mnyoo

Slammer ulizuiwa kwa urahisi kuliko minyoo mingine. Pakiti zake zote zilikwenda kwenye poti moja, UDP 1434, ambayo watu wachache tu walikuwa na sababu halali ya kuitumia kupitia intaneti. Kampuni za mawasiliano duniani ziliifunga poti hiyo kwenye ruta zao, na baada ya saa kadhaa msongamano ulipungua. Kama mnyoo ungetumia poti inayohitajika na kila mtu, kwa mfano ya tovuti, hatua hiyo isingewezekana.

Kufunga poti kulisimamisha msongamano, lakini hakukuondoa udhaifu. Seva zilihitaji kiraka bado, na kompyuta ndogo zilizoambukizwa nje ziliweza kuuingiza mnyoo ndani ya ofisi zilizojifungia. Pakiti za Slammer ziliendelea kuonekana kwenye intaneti kwa miaka mingi. Kampuni ya usalama ya Check Point iliripoti ongezeko jipya la pakiti hizo lililotokea mwishoni mwa mwaka 2016, karibu miaka 14 baada ya tukio.

Kwa nini seva nyingi hazikuwa na kiraka

Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba uzembe haukuwa sababu pekee. Sababu kadhaa zilichangia.

Wengi hawakujua kuwa wana programu hiyo. MSDE 2000 ilikuwa hifadhidata ndogo iliyofungwa ndani ya programu nyingine, zikiwemo zana za waandishi wa programu kama Visual Studio .NET. Mtu aliweza kuwa nayo kwenye kompyuta yake ya mezani bila kujua kwamba ni seva inayosikiliza mtandao. Aliposoma tangazo la kiraka cha SQL Server, hakuona kwamba linamhusu.

Kiraka kilikuwa kigumu kuweka. Kiraka cha Julai hakikuwa na programu ya kukisakinisha. Msimamizi alipaswa kusimamisha huduma, kunakili faili kwa mkono na kufuata maelekezo kwa kila nakala ya SQL Server. Mwenye seva mia moja alikuwa na kazi ya siku nyingi. Mfumo wa Windows wa kupata maboresho kwa intaneti haukuhusisha SQL Server wakati huo.

Viraka vilikuwa vingi. Mwaka 2002 Microsoft ilitoa taarifa 72 za usalama. Ilikuwa vigumu kujua ni ipi iliyohitaji kushughulikiwa leo na ipi ingeweza kusubiri.

Kulikuwa na hofu ya kuvunja kinachofanya kazi. Seva ya hifadhidata ikisimama, kila kinachoitegemea husimama. Kiraka kisichojaribiwa kinaweza kuleta hitilafu mpya. Msimamizi akilaumiwa kwa hitilafu iliyotokana na kiraka lawama huonekana mara moja. Faida ya kiraka, yaani shambulio ambalo halikutokea, haionekani kwa mtu yeyote.

Poti ziliachwa wazi bila sababu. Seva nyingi zilifikiwa na mtu yeyote duniani ingawa zilihudumia ofisi moja tu. Kama zingewekwa nyuma ya faiawoli, ukosefu wa kiraka usingetosha kuziambukiza.

Mabadiliko yaliyofuata

Baada ya Slammer, Microsoft ilitoa zana za kutafuta nakala zote za SQL Server na MSDE kwenye mtandao wa ofisi na kuziwekea kiraka. Oktoba 2003, baada ya mnyoo mwingine ulioitwa Blaster kushambulia Windows mwezi Agosti, kampuni ilianza kutoa viraka kwa ratiba: Jumanne ya pili ya kila mwezi. Wasimamizi wakaweza kupanga siku za majaribio na za kusakinisha. Mwaka 2005 huduma ya Microsoft Update iliunganisha maboresho ya Windows na ya bidhaa nyingine, ikiwemo SQL Server.

Kampuni nyingine zilifuata njia inayofanana. Oracle, mtengenezaji mkubwa wa hifadhidata, imekuwa ikitoa viraka vya usalama kwa ratiba ya kila miezi mitatu tangu Januari 2005.

Usanifu wa SQL Server nao ulibadilika. Katika toleo la SQL Server 2005 huduma ya kuelekeza ilitenganishwa na seva yenyewe, na vipengele vingi visivyohitajika na kila mtu vilizimwa hadi msimamizi avihitaji. Msaada kwa SQL Server 2000 ulikoma Aprili 2013. Tangu hapo toleo hilo halipati viraka, na tiba yake pekee ni kuhamia toleo jipya zaidi.

Mfano wa PostgreSQL mwaka 2013

Udhaifu unaofanana kwa kiasi ulipatikana miaka kumi baadaye katika PostgreSQL, seva ya hifadhidata ya programu huria. Ombi la kuunganishwa lililokuwa na jina la hifadhidata linaloanza na alama ya kistari liliweza kuharibu faili za seva. Kama ilivyokuwa kwa SQL Server, kosa lilikuwa katika kupokea jina bila kulikagua, na mshambuliaji hakuhitaji kuwa na akaunti. Udhaifu huo ulipewa namba CVE-2013-1899.

Mradi wa PostgreSQL ulichukua hatua zisizo za kawaida kwao. Wiki moja kabla ulitangaza kwamba kiraka muhimu kitatolewa tarehe 4 Aprili 2013, bila kueleza kosa ni lipi. Kwa muda huo hazina ya msimbo, ambayo kwa kawaida huonekana na watu wote, ilifungwa kwa umma ili mtu asisome marekebisho na kuyageuza kuwa shambulio. Siku iliyotajwa matoleo 9.2.4, 9.1.9 na 9.0.13 yalitolewa kwa pamoja, na wasimamizi walikuwa wamekwisha kutenga muda wa kuyaweka.

Hatua za kuweka kiraka kwenye seva ya hifadhidata

Taratibu zinazopendekezwa leo zinafanana bila kujali ni hifadhidata ipi inayotumika:

1. Kuwa na orodha. Andika seva zote za hifadhidata, matoleo yake, zilipo na anayehusika nazo. Orodha ijumuishe hifadhidata zilizofungwa ndani ya programu nyingine.
2. Kufuatilia matangazo. Jiandikishe kupokea taarifa za usalama za mtengenezaji, na uhakikishe kuna mtu wa kuzisoma hata wakati wa likizo.
3. Kupima hatari. Udhaifu unaoweza kutumiwa kupitia mtandao bila neno la siri hutangulia mwingine wowote.
4. Kutengeneza nakala rudufu. Nakala hiyo ijaribiwe kwa kuirudisha kwenye kompyuta nyingine, maana nakala isiyojaribiwa inaweza kuwa mbovu.
5. Kujaribu kiraka. Kiwekwe kwanza kwenye seva ya majaribio inayofanana na ile ya kazi.
6. Kukiweka. Wajulishe watumiaji muda ambao huduma itasimama, weka kiraka, kisha washa huduma upya. Viraka vingi havianzi kufanya kazi hadi huduma iwashwe upya.
7. Kuthibitisha. Uliza seva toleo lake. Katika SQL Server amri ni SELECT @@VERSION. Katika PostgreSQL na MySQL ni SELECT version().
8. Kupunguza milango. Poti za hifadhidata, kama 1433 na 1434 za SQL Server, 3306 ya MySQL na 5432 ya PostgreSQL, zisifikiwe kutoka intaneti pasipo sababu.

Pale kiraka kinapochelewa, hatua ya nane ndiyo kinga ya muda. Hata hivyo tukio la Davis-Besse linaonyesha kwamba faiawoli pekee haitoshi, kwa kuwa njia moja iliyosahauliwa inatosha kuizunguka. Kiraka na faiawoli hutumika pamoja, na kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Tazama pia

* Hifadhidata
* Microsoft SQL Server
* PostgreSQL
* Mnyoo wa kompyuta
* Kirusi cha kompyuta
* Usalama wa kompyuta
* Faiawoli